Mkanda Uliopakwa Nta

Mwanangu Kemunto,

Leo sina salamu za kupamba. Barua zangu zote huanza kwa kusema mimi ni mzima, lakini leo si mzima. Wewe uko hapo Boito tu, kwa nyanya yako, unaaga na kumiminiwa mursik, maziwa yale ya kibuyu, na jioni mtarudi na mama yako mkiwa mmelowa. Mvua ya saa tisa imeshaanza kupiga mabati. Mimi nimekaa mezani, nimefunga mlango kwa komeo mchana kweupe, mtu mzima na fita, fundi wa mitambo kiwandani. Mistari yangu inapanda mlima. Isome hivyo hivyo.

Habari ya sabuni, blanketi, mahali pa kushukia Nakuru na nani wa kusalimia kwanza, mama yako ameshakwambia mara tano, na kesho kwenye stendi atakwambia ya sita. Mimi siongezi kitu hapo. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu ya laini, hizi nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya chai, ambayo mimi Mkisii na mama yako Mkipsigis tulikulea nayo. Ndiyo niliyosemea uongo, basi acha niseme kweli kwa hiyo hiyo.

Leo nikitoka zamu, kondakta wa basi la Nakuru aliniita getini. "Mzee Ondieki, una kifurushi!" Kilikuwa kimefungwa kwa gazeti na kamba ya katani. Nikaona mwandiko wa Makori, baba yako wa ubatizo, nikadhani ni habari zako. Nilisema labda amebadili nia, hataki tena msichana kwenye gereji yake. Na Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Mwezi uliopita ulipotuambia kwamba umemwandikia Makori akufundishe umakanika, na kwamba amekubali, watu wa laini walicheka. Ati msichana na spana! Mimi sikucheka, nilikohoa tu nikatoka nje. Najua ulidhani nina hasira kwa sababu ya kazi uliyochagua. Hapana, mama. Ningekuona unatambaa chini ya lori ningejivuna. Nilikuwa namwogopa huyo mtu.

Nilipofika nyumbani nikafungua gazeti. Ndani kulikuwa na mkanda wa mpira, mweusi, wenye meno upande wa ndani, umekatika, na meno kama kumi yameng'oka. Nikaushika, ukanata vidoleni. Nikaunusa. Woi, Kemunto! Miaka sita imepita na bado unanuka ile nta ya kiwanda. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu, na kofia kichwani.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Nakuandikia yote, maana inakuhusu:

"Ndugu Ondieki. Mtoto anakuja kesho, nitampokea kama wangu. Mkanda huu niliutoa kwenye gari lako kwa mkono wangu. Nilikwambia nimeutupa, lakini sikuutupa. Kemunto aliponiandikia, kabla hata hajaomba kazi, aliniuliza swali moja: nta ya kiwanda inaufanya nini mkanda wa mpira? Sikumjibu. Nimeona jibu ni lako. Ukitaka, nitamfundishia mkanda huu bila kutaja jina la mtu. Ukitaka, uchome. Mimi sina neno. Makori."

Nimeisoma mara nne. Kumbe alijua! Na wewe, kumbe ulijua! Miaka sita nimekula na wewe meza moja, nimekuuliza hesabu za shule, nimekutuma sukari, na wewe umenyamaza na jambo hilo kifuani. Siri niliyodhani nimeificha duniani, kumbe nilijificha mimi mwenyewe kama mtoto anayefumba macho akidhani haonekani. Sijui nikuogope au nikuonee huruma.

Basi uliuliza, na mimi nakujibu. Lakini jibu langu ni refu, na linaanza na kichwa kigumu cha baba yako.

Mimi na Makori tulitoka milima ya Kisii siku moja, kwa miguu, kila mmoja na blanketi lake, tukaja kuchuma chai. Yeye akaponyoka akaenda kujifunza magari kwa Mhindi mmoja mjini Kericho. Mimi nikachukuliwa kiwandani. Wewe umeingia pale, unajua: juu darini kuna shafti ndefu inayozunguka usiku na mchana, na kutoka kwenye shafti hiyo mikanda inashuka kuzungusha mashine za kusokota majani na feni za kunyaushia. Kazi yangu ni mikanda hiyo. Ukisikia mkanda unalia, unaupaka nta ili ushike. Ukikatika, unauteremsha, unaushona, unaurudisha, na majani yanasokotwa kama hakuna kilichotokea. Nilikuwa nashona mkanda kabla nyapara hajamaliza kutukana. Waliniita Ondieki wa Mikanda. Hata meneja aliniita hivyo, na mimi nikivimba.

Miaka kumi na minane nimejua sheria moja tu, kwamba mkanda unashughulikiwa ukikatika. Hakuna mtu kiwandani anayetupa mkanda mzima. Ukitupa mkanda mzima utaitwa ofisini.

Kisha nikanunua lile gari dogo kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Unalikumbuka, la kijani. Siku za soko nilikuwa nabeba watu kutoka Boito mpaka Kericho, na pesa hiyo ndiyo ilikulipia shule. Magari mengine yote tuliyoyajua, Makori na mimi, yalikuwa na cheni ndani ya injini. Hili lilikuwa na mkanda wa mpira. Siku ya kwanza, wewe ukiwa kando yangu pale gereji, Makori alipofungua kifuniko cha mbele cha injini akapiga mluzi. "Ebu ona! Mpira!"

Nakueleza sasa jinsi alivyonieleza yeye, maana alinieleza vizuri kabisa, siwezi kusema sikuambiwa. Chini ya injini kuna shafti inayozungushwa na pistoni. Juu kuna shafti nyingine inayofungua na kufunga valvu. Mkanda ndio unaozifunga pamoja ili zisipishane hata jino moja. Pistoni ikipanda, valvu lazima iwe imeshaondoka njiani. Sasa mkanda ukikatika, shafti ya juu inasimama lakini ya chini bado inazunguka, na pistoni inapanda na kuikuta valvu bado iko mlangoni.

"Kwa hivyo mkanda huu haungojewi ukatike," akasema. "Maili elfu thelathini na sita, au miaka mitatu, chochote kitakachotangulia. Hata kama unang'aa. Na lako limeshafika elfu arobaini na moja."

"Bei gani?"

"Mkanda ni shilingi thelathini na nane, tunaagiza Nairobi. Kazi yangu ishirini."

Nikaushika mkanda kwa kidole, nikauvuta. Ulikuwa mzima. Nikamwambia, "Makori, unataka kunifundisha mkanda mimi? Huu una miaka miwili mingine."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Mimi si mwashi," nikamjibu, na vijana wa gereji wakacheka. Makori akafuta mikono, akarudisha kifuniko, hakunidai hata senti ya kufungua.

Lakini maneno yake yaliniingia, siwezi kukudanganya. Wiki iliyofuata nikaanza kusikia injini inalia, wii, wii, asubuhi ikiwa baridi. Huo ndio ulikuwa wakati wa kurudi kwa Makori. Mimi nikafanya nini? Nikachukua kopo la nta kiwandani. Nikaliweka chini ya kikapu, nikatoka nalo getini. Jumamosi nikafungua kifuniko hapa hapa uani, nikaupaka mkanda wa mpira ile nta tunayopaka mikanda ya ngozi na turubai, nikarudisha bolti. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi unamenya viazi. Uliniuliza, "Baba, hiyo ni dawa?" Nikasema ndiyo, ni dawa.

Sauti ikaisha! Nilizunguka siku tatu nikijisifu moyoni. Sikujua kwamba nta ile inalainisha mpira, na kila punje ya vumbi la barabara yetu inanasa pale na kutafuna meno kidogo kidogo. Hilo nililijua baadaye sana, kwa kusikiliza watu wengine wakiongea huku mimi najifanya nafunga kiatu.

Siku yenyewe unaijua. Ulikuwa kiti cha nyuma umepakata kuku wa mama yako, na wamama watatu wa soko wamekubana. Tulikuwa tunapanda mlima baada ya Litein. Nikasikia tap! Kisha chuma kikagonga chuma mara tatu nne, na injini ikazima. Gari likaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili, wamama wanapiga kelele "Wuui!", kuku ameruka dirishani, na wewe ukashuka ukaweka jiwe chini ya gurudumu. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ni wewe peke yako uliyekumbuka jiwe.

Kisha ukaniuliza pale barabarani, mbele ya wale wamama, "Baba, si fundi alisema ubadilishe mkanda?"

Nikakupiga kofi.

Nimekuchapa mara nyingine ukiwa mtoto, kwa makosa ya watoto, na siyakumbuki. Hilo ninalikumbuka. Ulishika shavu ukaniangalia, hukulia. Tangu siku hiyo hukunitajia tena neno mkanda. Mimi nikadhani umesahau. Nilidhani watoto husahau! Mwanangu, nisamehe kofi lile. Nasema leo kwa sababu miaka sita nimekosa mdomo wa kulisema.

Gari likavutwa mpaka Kericho, gereji ya Makori. Valvu zote zimepinda, pistoni mbili zimetoboka, na kichwa cha injini kimepasuka. Shilingi elfu moja mia moja na sitini, vipuri peke yake, mishahara yangu ya miezi minne. Na mkanda ulikuwa wa thelathini na nane! Hesabu hiyo niliambiwa mbele ya watu waliokuja kutazama. Nilimwona mama yako, nikaona ada yako ya shule, nikawaona wale vijana wa gereji waliocheka. Nikasikia mdomo wangu unawaambia, "Ni Makori. Nilimpelekea gari zima, akafungua kifuniko, hakufunga sawasawa, vumbi likala mkanda."

Sikupanga kusema. Lakini neno likishatoka, kesho yake unalipigia msumari, keshokutwa unalipaka rangi. Wazee wa kanisa wakatuita. Makori akaulizwa, "Ulifungua kifuniko?" Akasema, "Nilifungua." Wakakuita hata wewe, kwa sababu ulikuwepo siku ile gereji. "Fundi alifungua?" Ukasema, "Ndiyo, alifungua." Ulisema kweli. Hawakukuuliza ni nani aliyefungua baada yake. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimekuwekea mkono begani, na wazee wakaona ni mkono wa baba anayempenda mtoto wake. Wewe unajua ulikuwa mkono wa namna gani.

Wakaamua Makori atengeneze gari kwa pesa yake. Aliuza mashine yake ya kuchomelea, ile aliyoinunua kwa miaka mitano. Alitengeneza injini, akaniletea gari mpaka mlangoni, limeoshwa. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, "Na mkanda wa zamani?" Akasema, "Nimeutupa." Nikalala usingizi mzito usiku huo, mimi mpumbavu! Watu wakaacha kumpelekea magari. Nani atampelekea fundi asiyejua kufunga kifuniko? Mwaka haukuisha akahamia Nakuru kuanza upya kwenye banda la kukodi. Siku anaondoka nilijifanya niko zamu.

Kwa padre nimetaja dhambi nyingi tangu wakati huo. Nimetaja hata zile ndogo ili orodha yangu iwe ndefu na hii ipotee katikati. Haikupotea.

Basi jibu lako, fundi mdogo. Mkanda wa taimingi unabadilishwa ukiwa bado mzima. Hapo ndipo mtu kama mimi anashindwa, maana jicho linaona kitu kizima na mkono unauma kukitupa. Elfu thelathini na sita, au miaka mitatu. Ukinunua gari la mtu na hujui historia yake, badilisha siku hiyo hiyo, halafu andika maili kwa rangi ndani ya boneti, kama Makori alivyoandika kwenye langu. Ukiona mafuta au chochote kinanata karibu na mkanda, usifute ukasema umepona, toa. Na mwenye gari akikwambia yeye anajua mikanda kuliko wewe, mwonyeshe huu. Mimi nimeuweka ndani ya sanduku lako, chini ya sweta ya bluu.

Nilikuwa nimefika hapa, nikaweka kalamu chini, nikaenda kuteka maji jikoni. Niliporudi upepo ulikuwa umegeuza karatasi ya Makori. Kemunto, nyuma kulikuwa na maneno mengine! Sikuyaona. Ameyaandika kwa penseli, madogo, pembeni kabisa:

"Siku ile ningesema nta, wangeuliza nta imetoka wapi. Kampuni ingekufukuza jioni hiyo, na nyumba ingechukuliwa asubuhi. Nilikuwa nimewashika watoto wako wawili kwenye ubatizo. Mashine ya kuchomelea ilinunulika tena."

Sasa nalia, sioni haya kukwambia. Miaka yote hiyo nilidhani Makori alinyamaza kwa sababu hana ushahidi. Nilimwita mjinga moyoni, mtu anayelipa kosa ambalo hajui kama ni lake. Kumbe ushahidi alikuwa nao mfukoni mwa ovaroli, ananusa nta yangu, anatazama nyumba yetu ya laini, namba kumi na saba, anakuona wewe na ndugu yako mnacheza mlangoni, na anachagua. Unavyojua mambo ya hapa, mtu akifukuzwa leo, kesho kitanda chake kiko nje kwenye majani ya chai na mvua inanyesha. Alichagua kiwe kitanda chake. Haki ya Mungu, sijui binadamu wa namna hii anatoka wapi, na nilitoka naye kijiji kimoja!

Anasema niuchome nikitaka. Ameniachia mlango wazi tena, mara ya pili. Nimeuangalia mlango huo kwa muda, sikufichi. Jiko lina moto. Wewe ungeenda, mkanda ungekuwa majivu, na mimi ningebaki Ondieki wa Mikanda mpaka pensheni, na imebaki miaka minne tu.

Lakini wewe unajua. Ungekuwa unaamka kila asubuhi kwenye gereji ya mtu huyu, unampa spana, unakula ugali wake, unajua alichofanyiwa na nani, na unanyamaza kwa ajili yangu. Mkono wangu ungekuwa bado uko begani mwako mpaka Nakuru. Nauondoa leo.

Jioni mkirudi nitamwambia mama yako kwanza, wewe ukiwepo. Atapiga kelele, mwache apige. Na Jumapili baada ya misa, wakati wa matangazo, nitamwomba katekista ruhusa, nitasimama, niseme ni nani aliyefungua kifuniko mara ya pili na alipaka nini. Karani wa kiwanda hukaa benchi la tatu. Nta ilikuwa ya kampuni, atasikia, na ni kazi yake kusikia. Labda watasema ni zamani. Labda hawatasema hivyo. Nimeshaanza kufikiri kabati letu kubwa litapitaje kwenye njia ya kwa nyanya yako wakati wa matope.

Kwa hivyo ukirudi Desemba, usije moja kwa moja namba kumi na saba na kusukuma mlango kama ulivyozoea. Bisha kwanza. Wakitoka watu usiowajua, wasalimie kwa heshima, wao hawana kosa, halafu shika njia ya Boito. Tutakuwa huko, na nitakuwa nachuma chai ya nyanya yako kwa kikapu, kazi niliyoanza nayo.

Kesho ukishuka Nakuru, mpe Makori mkanda wake mkononi. Akikuuliza baba amesema nini, mwambie amesema nta ilikuwa ya kiwanda, na kwamba wewe mwanangu ndiye wa kwanza kuambiwa.

Nasikia sauti yenu huko njiani, mama yako anakukaripia kwa sababu ya viatu. Nafungua komeo.

Baba yako,
Ondieki